Shakwe Aliyejitaja Mwenyewe

Kwa miaka tisa Mwanabaraka amekuwa akiwatoa watu damu katika kliniki moja ya Sharpstown, mtaa wa Houston, na wepesi wa mkono wake unajulikana. Wapo wazee wanaokataa katakata sindano ya mtu mwingine, wakangoja mpaka yeye arudi kutoka kula. Lakini ukitaka kumwona uso umechangamka kweli, usimuulize habari za mishipa. Muulize habari za shakwe.

Aliwaanza kwa bahati tu. Mumewe Abdulbasit, dereva wa teksi, alimpeleka pwani ya Galveston apunge upepo, maana mke wake mtu wa Lamu, na akikaa muda bila kuona bahari hununa bila sababu. Siku ile watu wakaogelea, yeye akabaki kukodolea macho ndege. Tangu hapo kila Jumamosi ni darubini, chupa ya chai na mahamri. "Wenzio waja pwani kula samaki," Abdulbasit humtania, "wewe waja kutazama wala samaki." Na humtania hivyo huku anaendesha gari yeye mwenyewe, kwenda na kurudi, kwa hiyo usiyatie maanani maneno yake.

Wana kikundi chao, watu kumi na wawili wa Afrika Mashariki, wengine wa Houston, wengine wa upande wa Dallas, wote na wazimu huo huo. Mkubwa wao ni Sospeter, Mtanzania mstaafu wa Haltom City, kule kule upande wa Dallas, mkali kidogo, na ndiye mwenye daftari. Kwao, ndege hajaonekana mpaka aandikwe mle, na pembeni liandikwe jina la aliyemwona kwanza. Kila mmoja alikuwa na ndege wake mle isipokuwa Mwanabaraka. Mwaka mzima! Alikuwa akisema halimsumbui. Mwongo mkubwa, lilimkereketa kooni.

Basi Jumamosi moja ya Machi, asubuhi, akamwona shakwe mweupe pe, kichwa mpaka mkia, amesimama peke yake mbali kwenye mchanga. Pale pamejaa shakwe wachekaji, wale wa kila siku, wenye kichwa cheusi na mgongo wa kijivu, ambao sauti yao ni kicheko kitupu. Huyu hakufanana nao. Mwanabaraka akafungua kitabu cha ndege, akakuta shakwe wa Aisilandi, mgeni wa nchi za baridi ambaye Texas hufika kwa nadra. Akapiga picha na kuituma kwenye kikundi: "Shakwe wa Aisilandi, Galveston." Sospeter akajibu hapo hapo: "Nakuja. Usiondoke."

Ni safari ya saa tano. Saa tatu za kwanza Mwanabaraka alikaa pale kama bibi harusi, simu inaita, pongezi zinamiminika. Ya nne ilipoingia, yule ndege akaruka, akaja kutua karibu, katikati ya wachekaji. Kimo chao kimoja. Akainua darubini. Miguu ya wa Aisilandi ni ya waridi. Ya huyu ilikuwa myeusi. Mdomo mrefu, wa wekundu uliokolea, umeinama kwenye ncha, kama wa wenzake wote pale.

Kliniki kwao kuna sheria. Humuulizi mgonjwa, "Wewe ni Bi Fulani?" maana mtu mwenye njaa na woga hujibu ndiyo kwa lolote, ukaja kumtoa damu asiyehusika. Unamwacha ataje mwenyewe jina lake na tarehe aliyozaliwa. Sheria hiyo Mwanabaraka amewafundisha wanafunzi chungu nzima. Na asubuhi ile alimwendea ndege na jina tayari mdomoni. Ndege angekataaje?

"Mpigie simu Mzee," Abdulbasit akasema. Akapiga mara sita. Sospeter akiwa kwenye usukani hapokei simu hata ya mkewe.

Alifika, akatazama mara moja tu, macho yakamlengalenga. "Ndiye. Miaka kumi na moja namsubiri." Akatoa daftari, akaandika tarehe, akaanza jina: Mwa...

Mwanabaraka aliiona kalamu ile inakwenda, na alilitaka jina lile kuliko kitu chochote siku hiyo. Angenyamaza tu, nani angejua?

"Mzee Sospeter, usiandike. Nimekosea. Ni mchekaji wetu wa kila siku. Manyoya yamekosa rangi tu, kama mtu aliyeota mvi ujanani. Tazama miguu."

"Bibi, nime-drive saa tano."

"Najua, Mzee. Niwie radhi. Tazama miguu."

"Miguu ina matope."

"Na mdomo?"

"Mwanga huu unadanganya."

Mwanabaraka alikuwa karibu kulia. "Basi tumwache ajitaje mwenyewe," akasema, akachukua hamri la mwisho, akalirusha mchangani. Abdulbasit akaguna. Shakwe wakalivamia, na yule mweupe akawapiga wenzake vikumbo, akalinyakua, akalimeza. Kisha akatupa kichwa nyuma, akacheka. Kicheko kirefu cha kihuni, kile kile cha wachekaji wa Galveston.

Sospeter akajitahidi kuubana mdomo, ukamshinda, akacheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga na suruali yake ya pasi. Akaomba chai na hamri.

"Hamri kala Mwaisilandi," Abdulbasit akamwambia.

Sospeter akazifuta zile herufi tatu. Akalitazama daftari, akamkabidhi Mwanabaraka. "Mimi nimeona nilichotaka kuona. Kaa nalo wewe. Na siku nikileta ndege, unihoji hivyo hivyo."

Mwanabaraka akahesabu taratibu, akaandika: Shakwe wachekaji, mia mbili kumi na watatu, mmoja mweupe. Mahali pa jina la aliyemwona kwanza akapaacha wazi, maana mchekaji aliandikwa zamani na mtu mwingine. Na safari hii halikumkereketa hata kidogo.