Runinga Humwonyesha Anayetoa Sauti

Arlys Bakken hakuwa mwalimu, na ukimwita mwalimu alikusahihisha. Kazi yake katika sekondari yetu ya Skarby ilikuwa kufungua chumba cha runinga saa nne asubuhi, kuwasha mtambo, kugawa mitihani iliyotumwa na chuo, kisha kukaa nyuma akihakikisha hakuna anayechungulia kwa mwenzake. Msimamizi wa chumba haulizi, hajibu, hachangii. Kimya ni sharti la kazi, na kama kuna mwanamke aliyezaliwa kwa ajili ya sharti hilo hapa Dakota Kaskazini, ni yeye. Nimemjua tangu darasa la kwanza na mpaka leo sijui anapenda rangi gani.

Mimi nilikuwa mpishi wa shule hiyo hiyo. Jiko langu lilitazamana na chumba chake, na milango yote miwili ilikaa wazi, wangu kwa sababu ya mvuke, wake kwa sababu bawaba zilishakufa na shule yetu haina haraka ya kutengeneza kitu. Kwa hiyo mengi ninayoyasimulia sikuambiwa na mtu, nimeyaona mwenyewe, mwiko mkononi.

Shule ni ndogo, na mwalimu wa kemia ya chuo hatungempata hata kwa dawa. Basi vijana walisoma kwa runinga. Profesa Strand alisimama chuoni mjini, mwendo wa saa mbili kwa gari, na shule saba za nyika hii zikamtazama kwa pamoja. Anayefaulu huandikiwa krediti za chuo akiwa bado sekondari. Akizikusanya za kutosha, siku akiingia chuo anaanzia mwaka wa pili, na mzazi ameokoa ada ya mwaka mzima. Kwa wakulima wa ngano wa huku, hilo si jambo la kufanyia mchezo.

Mtambo ule una tabia moja ambayo lazima uijue. Humwonyesha anayetoa sauti. Mtoto wa shule yoyote akiuliza swali, kipaza sauti cha mezani kwake kinaita kamera, na sura yake inatokea kwenye runinga za shule zote, ubao wa profesa unapotea, na picha inabaki hapo mpaka mtu mwingine atoe sauti yake. Vijana walizoea. Waliotaka kukohoa walikohoa kwenye kiwiko.

Arlys alikuwa na mtoto mmoja, Leif. Baba yake alikwenda magharibi kwenye visima vya mafuta na akapata nyumba nyingine huko, hivyo walibaki wawili, mama mkimya na mwana msemaji. Leif alipoingia kemia ya chuo, alikaa kiti cha dirishani karibu na hita ya mabomba ya maji ya moto, na darasa likawa lake. Aliuliza, akauliza tena, mpaka watoto wa shule nyingine wakawa wanaguna wakiiona sura yake. Arlys alikaa nyuma akijifanya hamjui. Nilimwona akitabasamu kichwa kikiwa chini.

Lakini kemia ina maabara, na maabara haifanywi kwa runinga. Mara moja kwa mwezi, Jumamosi, vijana waliendesha gari wenyewe hadi chuoni. Ukikosa maabara moja umeanguka, na krediti zote zimekwenda na maji. Jumamosi moja ya Februari upepo ulikuwa unafagia theluji barabarani, na Leif alitaka kubaki kitandani. Arlys ndiye aliyemwamsha. Alimwambia, "Amka, mwanangu. Utapoteza mwaka kwa ajili ya usingizi?" Akaamka. Kwenye kona ya bwawa hakuliona lori la ngano lililokuwa linakuja.

Watu wa Skarby tukafanya yale tunayojua kufanya. Tulipeleka mabakuli ya viazi na nyama ya kusaga yaliyookwa mpaka friji ya Arlys ikashindwa kufungika. Wanaume walizoa theluji mlangoni kwake kabla hajaamka. Tuliimba kanisani. Kisha tukanyamaza. Huku kwetu jina la marehemu halitajwi mbele ya mfiwa. Tunaona ni adabu, tunaogopa kumtonesha kidonda. Arlys alirudi kazini baada ya mazishi, akafungua chumba saa nne kama kawaida, na hakuna aliyesema Leif, wala mimi.

Vuli iliyofuata, asubuhi ya kwanza ya baridi, hita ziliwashwa. Profesa alikuwa ametoka kuuliza kama kuna mwenye swali. Nilisikia kitu kikigonga chumbani kwa Arlys, ko, ko, ko, kisha kicheko kutoka kwenye runinga. Nikatazama. Ubao ulikuwa umepotea. Runinga ilikuwa inaonyesha chumba chetu, kiti cha dirishani, na kitini hapakuwa na mtu.

"Skarby, mna swali?" profesa akasema. Vijana wetu wakainamia madaftari.

Darasa lilipoisha Arlys alikuja jikoni, akashika ukingo wa sinki.

"Umeona?"

"Nimeona hita inagonga, shoga. Ina hewa kwenye bomba."

"Profesa alikuwa ameuliza nani ana swali."

"Arlys."

"Ndiyo kwanza alikuwa ameuliza."

Mimi ni Mlutheri, mizimu si idara yangu. Lakini nilijifanya natafuta chumvi.

Ikawa hivyo majira mawili ya baridi. Kipaza sauti cha meza ile kilikuwa sentimita chache kutoka kwenye bomba, na bomba likigonga, shule saba zilionyeshwa kiti kitupu. Wakati mwingine mara moja kwa wiki, wakati mwingine mara tatu kwa kipindi. Watoto wa shule nyingine walitubandika jina, chumba cha mzimu. "Skarby, mwambieni mzimu wenu anyooshe mkono kwanza," kijana mmoja alisema, na darasa zima likacheka. Wetu hawakucheka. Hakuna aliyekaa kiti kile, ingawa hakuna aliyekatazwa.

Elroy, fundi wa shule, alikuja na spana zake zaidi ya mara moja. Kila mara Arlys alimrudisha mlangoni. "Wana mtihani." "Wiki ijayo." "Limezeeka, Elroy, liache." Na kuna siku ya Aprili, jua linawaka, watoto wamevua makoti, nilimwona akiingia chumbani peke yake, akainama, akafungua koki ya hita mpaka mwisho. Akaketi akisubiri. Bomba lilipogonga na kiti kikatokea kwenye runinga, alikisogelea kioo na kukigusa kwa vidole viwili. Niligeuka. Kuna mambo ya mtu ambayo jirani mwenye heshima hayatazami, hata kama ameshayaona.

Mwaka wa tatu akaingia Kaia Haugen. Shamba la kwao limepakana na la Arlys, na wazazi wake walikuwa wameuza ng'ombe wa maziwa mmoja mmoja mpaka zizi likabaki na upepo. Kaia alitaka kuwa muuguzi. Maabara hazikuwa tena za Jumamosi za theluji, chuo kilizihamishia kiangazi baada ya ajali ile, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa kusoma, na msichana yule alisoma. Bila krediti zile za kemia, kwao hapakuwa na njia ya kumlipia chuo, na kila mtu Skarby alijua hivyo, kwa sababu Skarby kila mtu anajua kila kitu na hasemi.

Mwezi wa Novemba mkuu wa shule, Bwana Duane Fossum, alimfuata Arlys jikoni kwangu. Ni mtu wa funika kombe mwanaharamu apite. Ukimwona amekuja mwenyewe, ujue kombe limeshindikana kufunikika.

"Arlys, chuo kimelalamika. Ubao unapotea katikati ya somo, shule sita zinapoteza muda. Wanasema hita ile isipotengenezwa kufikia Krismasi wanatutoa kwenye mtambo."

"Watoto watamalizia wapi?"

"Hawatamalizia. Kozi itakufa hapo hapo."

"Nimekusikia, Duane."

"Elroy anasema wewe ndiye unayemzuia."

Arlys alikunja kitambaa cha sahani, akakikunjua, akakikunja tena. Bwana Fossum alinitazama mimi nimsaidie. Nilikuwa nakaanga lefse, chapati zetu za viazi, na lefse haitaki uiache. Akaondoka.

"Mwache Elroy aingie," nikamwambia. "Ni bomba, Arlys. Bomba na maji."

"Najua ni bomba. Unanionaje, mwehu?"

"Sasa?"

"Asubuhi ile mimi ndiye niliyemwamsha." Alisema taratibu, kama mtu anayesoma anwani. "Mimi. Alitaka kulala. Sasa unataka niende tena mimi, na spana, nimnyamazishe?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nilikuwa nimeubeba wake kwa ulimi tu, kwa rahisi sana. Niliona haya na nikampa lefse yenye siagi na sukari, akaishika bila kuila.

Kaia ndiye aliyefanya tulichoshindwa watu wazima. Siku ya pili alibaki baada ya kipindi. Nilikuwa napanga trei, nikasikia kila neno.

"Bi. Arlys, wanasema tutakatwa."

"Nani kasema?"

"Kila mtu. Mama amelia usiku kucha, halafu asubuhi ananiambia ni mafua."

Arlys alizima mtambo. Kaia akaenda akasimama karibu na kiti cha dirishani, hakukaa.

"Mimi namkumbuka Leif," alisema. "Alinifundisha kuteleza kwenye barafu kwenye bwawa letu. Nilikuwa naanguka, na yeye anauliza, unafikiri umeangukaje? Ukimwambia hujui, anauliza tena. Alikuwa anakera, Bi. Arlys. Nilimpenda sana."

Jina lile lilikuwa halijatamkwa katika jengo lile kwa muda mrefu, na msichana wa miaka kumi na saba alikuwa amelitamka mbele ya mama mwenyewe kama anaomba penseli.

"Kwa nini hujawahi kuniambia?" Arlys akauliza.

"Mama alinikataza. Alisema utaumia."

"Naumia kila siku, mtoto. Ningeumia nikiwa na mwenzangu."

Alasiri ile alimwita Elroy. Alimshikia tochi yeye mwenyewe, akiwa amepiga magoti sakafuni na sketi yake ya kazini. Elroy alilegeza koki, upepo ukatoka kwenye bomba kwa mlio mrefu mwembamba, kisha maji, kisha hakuna kitu. "Halitagonga tena," Elroy alisema, akijisifu kidogo, maana hakujua alichokuwa anasema. Arlys alimshukuru. Alifuta maji sakafuni akaenda nyumbani.

Kozi ikaokolewa. Chuo kikatuandikia kwamba kimeridhika. Na kile chumba, ndugu yangu, kikawa hakikaliki. Nilidhani kugonga kule ndiko kulikonitia hofu miaka yote ile, kumbe hofu yenyewe ilikuwa haijaja. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Profesa alifundisha, ubao ukatulia, na mimi jikoni nikajikuta nimesimama na kisu hewani, nasikiliza. Arlys alikaa nyuma akiitazama runinga bila kupepesa, akingoja. Aliacha kuja jikoni. Uso ulimsinyaa. Siku moja nilimkuta chumbani kabla ya kipindi ameweka kiganja juu ya bomba, kama unavyompima mtoto homa, na nikaogopa kwamba tutampoteza na yeye.

Kipindi cha mwisho kabla ya Krismasi, profesa alizipitia shule moja moja, kama desturi yake, akiuliza kama kuna mwenye swali kabla hawajafunga. Hakuna aliyekuwa nalo, watoto walikuwa wameshavaa makoti. Akafika kwetu.

"Skarby? Mna swali?"

Nilikuwa mlangoni na trei ya biskuti za sikukuu niliyotaka kuwapelekea. Nilimwona Arlys akiinuka nyuma ya chumba. Alipita kati ya meza, akavuta kiti cha dirishani, hakukaa, akasimama kando yake akiwa ameshika mgongo wa kiti. Akainama kwenye kipaza sauti.

"Mimi ni msimamizi wa chumba," alisema. "Siruhusiwi kuzungumza."

Runinga ikageuka. Ikaonyesha chumba chetu, dirisha, kiti kitupu, na mama wa miaka hamsini na kitu mwenye mikono mikubwa. Alijiona pale kwenye kioo. Shule saba zilimwona.

"Aliyekuwa anakaa hapa anaitwa Leif," akasema. "Leif Bakken. Ni mwanangu. Sina swali. Nilitaka tu kumwona."

Akanyamaza. Nilijua kitakachofuata, sote tulijua. Mtu atasema pole, profesa atasafisha koo, kijana fulani ataburuta kiti, na mtambo utamfuata huyo na kumwondoa Arlys kwenye kioo. Nilimtazama Kaia. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka juu ya vidole, na hakutoa hata kwikwi.

Profesa Strand hakusema neno. Shule ya pili haikusema neno, wala ya tatu, wala yule kijana wa mzimu na mkono. Vijana themanini wa nyika hii walikaa na makoti yao bila kujisogeza, wamezuia pumzi, na mimi nikaikumbatia trei kifuani isigonge. Kengele ya chakula ilikuwa yangu kuipiga, na sikuipiga. Arlys alisimama na mkono juu ya kiti cha mwanawe, akijitazama akimshika, na picha haikuondoka.