Kambare wa Ndwiga

Daktari alipomaliza kumpasua Ndwiga ili kuiachia neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, alimwonya asiinue kitu kizito kuliko kikombe cha chai. Mtu mwenye akili zake angekaa nyumbani Runyenjes, ale viazi, apone. Ndwiga, bandeji ilipotoka tu, huyo mtoni na ndoano! Mkewe, Mama Maxine, akamfuata na kikombe cha bati ili kila samaki alinganishwe nacho.

"Utampimaje akiwa majini?" Ndwiga alifoka.

"Wewe vua tu, Baba Maxine."

Akanasa kambare mkubwa kama mwanambuzi, akamvuta kwa mikono miwili. Walimpika, wakamla, ikabaki miiba tu, na hakuna jirani aliyesadiki ukubwa wake.

Kliniki, daktari aliuliza mbona mkono umevimba.

"Ni kisamaki tu, daktari," Mama Maxine alimfichia mumewe. "Hata kikombe hakikujaa."

Ndwiga aliruka kama aliyetukanwa. "Kisamaki? Kilo nane, daktari!"

Daktari akampiga marufuku kuvua miezi mitatu. Ndwiga alitoka akitabasamu, akauinua ule mkono mbele ya foleni nzima ya wagonjwa.

"Kilo nane. Muulizeni daktari."