Binti Yangu Alijibu 14, Mwalimu Alitaka 16

Wakuu, salamu kutoka Sosiot, mvua imeshika vizuri. Haya niliyaona kwa macho yangu, chumvi sijaongeza.

Term iliyopita binti yangu Chebet alirudi nyumbani akilia. Alitaka sana kuingia team ya hesabu ya shule, ile ya kwenda mashindano Sotik. Swali moja likamtoa.

Swali: 2, 4, 8, endelea.

Akaandika 14. Jibu la mwalimu ni 16.

Nikamwambia makosa ni kawaida, apanguse machozi.

"Lakini Baba, nimeongeza 2, nikaongeza 4, nikaongeza 6. Nimekosea wapi?"

Nikaangalia. Nikajumlisha mwenyewe, ikatoka 14 kweli.

Asubuhi tukaenda shule, moja kwa moja staffroom. Mwalimu wake wa hesabu, Madam Nyaboke, ni mtu wa kucheka.

"Baba Chebet, kila mtu anajua hapo ni kuzidisha na mbili."

Chebet akauliza kwa adabu, "Madam, swali limesema hivyo wapi?"

Madam akachukua chaki. "Sawa, wacha nifunge huo mlango. 2, 4, 8, 16. Endelea."

Chebet akapokea chaki.

Kisha akaandika 30. "Nimeongeza 2, 4, 8, halafu 14, zile zile namba za jibu langu la kwanza."

Wakuu, staffroom ililipuka! Mwalimu wa Kiswahili akasema hata neno "endelea" lina maana kwa sababu tu tumezoea kulitumia pamoja. Wa CRE, somo la dini, akakataa kabisa: rule ni rule, hata kama hakuna mtu wa kuifuata. Chai ikapoa kwa vikombe.

(Mimi nilikuwa nawaza shamba langu la chai. Unamwambia mtu achume majani mawili na chipukizi, anakubali, halafu anakuletea kitu tofauti na ana sababu zake.)

Madam alicheka mpaka akakaa chini.

"Ni kweli, namba zangu hazikutosha kusema nilichotaka. Lakini na wewe Chebet, mwenye kuuliza pia ni mtu. Jaribu kumsikia."

Akampa alama. Team akaingia.

Sotik hawakushika namba moja, lakini Chebet alirudi akiongea bila kupumua. Siku hizi mtihani wa Madam unasema: "Eleza rule uliyotumia."

Nilichojifunza: mfano haujielezi wenyewe. Kabla hujamwambia mtu amekosea, muulize ameelewa aje.

Sasa niambieni, ni lini ulifanya vile uliambiwa, ukaambiwa umeharibu? Uwanja ni wenu.