Ukoga wa Kaburi la Juani

Marehemu baba amezikwa kisiwani Juani. Jiwe la kichwani pake ni la matumbawe, na lina ukoga wa manjano upana wa kiganja. Tangu utotoni nilidhani ni uzee tu wa jiwe. Mtaalamu wa mimea aliyetoka Dar kukagua magofu ya kale ya kisiwa hakudhani hivyo. Alipiga magoti, akatoa kioo cha kukuzia, akasema ni kiumbe hai: kuvu na mwani waliooana, wanaishi kwa jua na umande.

"Magofuni kote sijauona huu. Upo hapa tu."

"Umetazama vizuri?" Mimi kitu kilichotazamwa mara moja sikiamini. Akazunguka makaburi yote upya, nami nyuma yake. Kweli, kwa baba tu.

Akadondosha tone la dawa, ili rangi imwonyeshe ni wa jamii gani. Manjano yakageuka mekundu papo hapo, kama damu ya kuchinja. Mama, aliyekuwa aking'oa magugu upande wa miguuni, akasimama.

"Mmemfanya nini?"

"Ni dawa, mama. Inatuonyesha jamaa zake."

"Jamaa zake ni sisi."

Dawa peke yake haikutosha. Alihitaji kipande kama ukucha, na ukoga ule haubanduki bila jiwe lake. Juani hata mtoto anajua jiwe la wafu halihami. Nimepatana bei ya pweza, ya boti, hata mahari ya ndugu yangu. Hapo sikujua nianzie wapi.

"Mama, ukucha tu."

"Wako uking'olewa, utasema 'tu'?"

Mtaalamu akaanza kufunga mkoba bila ubishi. Nadhani hilo ndilo lililomlainisha mama.

"Kitakwenda wapi?"

"Kabatini, Dar, pamoja na wenziwe. Tukikitambua, kitapewa jina, na itaandikwa kimetoka Juani."

Mama akasoma Fatiha, akachukua patasi ya mgeni, akanikabidhi mimi. "Mwanawe ndiye atakayemgusa."

Nikagonga. Kipande kikaniangukia kiganjani, kina joto. Ni jua, najua. Hata hivyo sikukitoa upesi.

Baadaye ujumbe ulikuja kwenye simu: hakifanani na chochote walichonacho, bado wanalinganisha. Kila nikivuka kwenda kwa mama, shikamoo yangu haijapoa, anauliza:

"Wamempa jina?"

"Bado."

"Basi hajafika," anasema, na mlango wa uani anauacha bila komeo.