Sanduku la Bluu la Tryphena

Usimtajie dada yangu Tryphena habari za masomo, mtakosana. Si mjinga, sikiza. Hapa Ronge, mwaka wa hamsini na sita, hakukuwa na msichana wa kumshinda hesabu, na aliyemfikisha hapo kwa fimbo ni baba yetu, mzee wa kanisa. Hadi leo dada akimtaja humwita Mzee Zephaniah, kama jirani tu.

Alimsomesha hadi unamhurumia. Tukipalilia mahindi, Tryphena anaimbishwa hesabu za kuzidisha. Akitoka wa pili darasani, siku hiyo hali. Ngoma haruhusiwi, kwa nyanya haruhusiwi. Mimi Dinah, mdogo wake, niliyeshika mkia kila mwaka, nililala nimeshiba.

"Utaenda chuo cha ualimu," Baba alimwambia. "Utanishukuru."

Na dada akaamini, jamani! Fimbo na njaa, yote aliyavumilia kwa ajili ya hicho chuo.

Akafaulu mtihani wa darasa la nane. Baba akashuka Voi mwenyewe, akarudi na sanduku la bati la bluu, na kufuli yake. Tryphena akapanga ndani gauni zake mbili, sabuni na Biblia, na kila asubuhi akalipangusa hadi likang'aa.

Jumamosi moja, chuo kikiwa karibu kufunguliwa, Mama alikuwa ameenda sokoni. Baba akatuambia, "Nendeni mkachote maji." Maji tulikuwa tumeshachota. Nilishangaa, lakini nani angembishia Baba? Tukaenda, tukamwacha peke yake nyumbani.

Mtoni wakatuzukia vijana wanne wenye nguvu, wakamnyanyua dada juu juu, mtungi ukapasuka. Nyinyi wa siku hizi hamjui: kwetu bibi arusi alichukuliwa hivyo na wenzake bwana arusi, wazee wakishakubaliana. Na ilikuwa lazima alie, asionekane ana haraka ya mume. Kwa hiyo dada yangu alipolia, watu walicheka njia nzima.

"Niacheni! Mimi naenda chuo! Mwiteni Baba!"

"Huyu analia vizuri!" wanawake wakapiga makofi kutoka shambani. "Kweli amesoma!"

Loo! Nilikimbia nyuma yao nikisema analia kweli, haki ya Mungu analia kweli, wakanicheka na mimi. Hata hapo dada alikuwa bado anamwita Baba. Alijua Baba akisikia tu, atakuja mbio na ile fimbo, safari hii iwaangukie wengine.

Wakamshusha kwao Alexander, karani wa shamba la mkonge, aliyekuwa akitafuta mke msomi. Mimi nikaingizwa naye, kwa sababu bibi arusi haachwi bila msichana wa kwao. Tukafungiwa chumbani. Kitandani palikuwa na shuka mpya, na chini ya kitanda, sanduku la bluu. Asubuhi ile ile alikuwa amelipangusa nyumbani kwetu.

Tryphena akalitazama. Akainama, akagusa kufuli, akanyamaza papo hapo, na neno "Baba" sikulisikia tena mdomoni mwake.

Nje wakapiga vigelegele. Wakasema afadhali, bibi arusi ametulia.