Meno ya Petro na kanzu za mapadre

Petro hana tena meno ya mbele. Mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa amethibitisha jioni hii: aliyeyavunja kwa mchi ni dada wa Petro, Agnesi.

Agnesi hufulia mapadre wa seminari ya Kipalapala.
Maji ya kisima chetu ni magumu, sabuni haitoi povu, hivyo huyalainisha kwa magadi.

Leo Petro kaona majivu ya bani, banda la kukaushia tumbaku, yanafaa zaidi. Kayamwaga bila kuchuja kwenye pipa lenye kanzu nyeupe.

Zimetoka za kijivu.

“Lakini dada, povu si limejaa?”

Mchi ukatua mdomoni. Petro alipoinama, ukatua mgongoni. Damu ikaingia pipani.

“Niacheni! Padre atavaa nini?” Agnesi akafoka majirani walipomshika.

Nyumbani kwenu mngechagua kipi, meno au kanzu?

Baraza la kijiji linakaa kesho asubuhi kusikiliza shauri hili. Kanzu zinafuatwa Jumamosi.