Gari la Baba Lililonusurika Moto

Nyinyi mnaoita gari kwa kubonyeza simu, kisha mkalalamika limechelewa dakika mbili, hebu kaeni pembeni kidogo. Nazungumza na wenzangu wa zamani zile za vijiji vya ujamaa, mliofua sare za shule kwa majani ya mpapai sabuni ilipoadimika, mkaenda shule na jembe begani na kibuyu cha maji mkononi. Nyinyi hili mtalielewa bila kuelezwa sana. Nataka kusimulia habari za gari la baba yangu.

Tulikuwa tukikaa Kang'ata, Handeni, kijiji kilipokuwa bado kipya na nyumba zake zimepangwa mistari kama wanafunzi paredi. Baba alikuwa mkulima wa mahindi kama baba wengine wote, ila ujanani aliwahi kuendesha trekta katika shamba moja la mkonge upande wa Korogwe, na jambo hilo lilimharibu. Mtu aliyeonja usukani hashiki tena jembe kwa moyo mmoja. Basi ghala la katani la shamba lile likaungua, na ndani yake mlikuwa na gari dogo la Kiingereza, la milango minne, lililoachwa na meneja wa Kizungu aliyekwisha kurudi kwao. Waliobaki walitaka tu mtu wa kuwaondolea lile gofu. Baba akajitokeza mbio, asije akatangulia mwingine.

Tulilisikia kabla ya kuliona. Lilikuja likiburutwa nyuma ya trekta, likikwaruza njia kwa vyuma, maana tairi zote zilikuwa zimekwisha. Moto ulikuwa umekula viti, nyaya, vioo na rangi yote. Injini ilikuwa imenusurika, kwa mujibu wa baba, na hakukuwa na mwingine wa kusema hivyo. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akalizunguka mara moja, akasema, "Baba Mwanahawa, hiki tunakipika au tunakizika?" Baba akacheka peke yake.

Kesho yake akaja mwenyekiti wa kijiji, uso umejaa siasa. Siku zile mwenye gari hakuwa mbali na kuitwa bepari, na bepari hakuwa mtu wa kukaa naye kikao. "Ndugu," akamwambia baba, "kijiji kizima tunatembea kwa miguu, wewe una gari?"

"Ndugu mwenyekiti," baba akajibu, "umeona wapi ubepari wenye masizi? Lishike."

Mwenyekiti akalishika, kiganja kikatoka cheusi tii, akaondoka akijifuta kwenye suruali yake ya kaki. Hakuulizia tena.

Baba angelichezea gari lake hadi uzeeni bila kumdhuru mtu, kama si dada yangu Mwanahawa kuposwa. Mposaji alikuwa Rajabu, kijana mpole wa Korogwe ya Zamani, lakini nduguze walijiona watu wa mjini hasa. Siku ya posa mjomba wake alikunywa chai yetu, akapangusa midomo, akauliza kwa ule upole wa kuudhi: biharusi atafikaje kutoka huku porini, maana wao wana majirani, na majirani wana macho. Nadhani alitaka kusikia neno punda. Baba akatoa jibu kabla ya kulitafuna: "Mwanangu ataingia Korogwe kwa gari langu mwenyewe." Wazee wote walisikia. Rajabu akatazama nje, akaliona lile gofu limekaliwa na kuku, akainamisha kichwa.

Wageni walipoondoka mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Likikataa njiani hawatakucheka wewe. Watamcheka yeye, kila siku akienda kuchota maji, mpaka azeeke." Baba hakumaliza ugali wake siku hiyo.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikageuka gereji. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kusugua masizi kwa mchanga na magunzi ya mahindi, tukaenda shule na mikono myeusi hadi viwikoni. Mwalimu alituchapa kwa uchafu wiki ya kwanza, wiki ya pili akaja mwenyewe kuangalia, wiki ya tatu tukamkuta chini ya gari na baba. Nyaya zilitoka kwenye redio zilizokufa. Tairi mbili zilipatikana Mombo na mbili Korogwe, na zile za nyuma zilikuwa kubwa zaidi, hivyo gari likasimama limeinama mbele kama mtu anayetafuta sindano aliyoidondosha. Milango ilifungwa kwa kamba. Vioo vingine viliokotezwa, lakini cha mbele hakikupatikana kabisa, na baba akatangaza kwamba hewa safi ni afya.

Rangi nayo iliadimika kama sukari. Mwenyekiti, ambaye sasa alikuwa akipita kila jioni kutoa maoni, alileta rangi ya buluu iliyobaki walipopaka ofisi ya kijiji. Ikatosha upande wa kulia tu. Upande wa kushoto tukapaka chokaa. Basi mwenyekiti akawa anawaambia wageni kwamba upande wa buluu ni wa kijiji, na baba akawa hambishii.

Lakini viti ndivyo vilivyompa baba sifa. Godoro hakuna, sponji hakuna, na baba alijua kitu kimoja tu cha kukalia chenye kamba, nacho ni kitanda. Akafunga miti kwenye vyuma vya viti, akachukua kamba za katani, akasuka viti vya gari kama vitanda vile vya kwetu, kwa ufundi wote, hadi na mapambo pembeni. Vilipendeza sana kuvitazama. Kuvikalia ni hadithi nyingine, maana ulizama katikati mpaka magoti yakakutana na kidevu, na kutoka ulihitaji mtu wa kukuvuta.

Siku injini ilipowaka, kuku walihama, na bibi jirani alitoa shahada akidhani ndiyo kiama. Baba, ambaye hakuwa mtu wa kukumbatia watoto, alitukumbatia wote kwa pamoja na grisi yake. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya makande. Akaja, akaiweka juu ya boneti, akarudi ndani, na nilimwona akitabasamu alipogeuka.

Harusi ikawekwa Jumapili. Wenzangu mnaikumbuka ile amri: Jumapili, saa nane mchana ikishapita, gari la mtu binafsi halitembei, kwa ajili ya kubana petroli. Baba alilijua hilo. Nikaha ingefungwa asubuhi, biharusi angetoka mapema, na saa sita tungekuwa Korogwe tunakula pilau. Hesabu zake zilikuwa nzuri, ila alimsahau dada yake.

Shangazi Mwanaidi ndiye mwenye kumtoa biharusi, na kwa desturi yetu hata jua likitaka kuzama lilipaswa kumwomba ruhusa kwanza. Akalinusa gari. Kweli, pamoja na kusugua kote, harufu ya moto ilikuwa haijatoka. "Mwanangu haingii kwa mumewe akinuka jivu," akasema. Akaleta chetezo chenye makaa, akatia udi wa kutosha mtaa mzima, akakisukuma chini ya kiti cha nyuma, akafunga milango kwa kamba ili moshi ukolee.

Ukakolea. Kioo cha mbele hakikuwapo, kwa hiyo ulitoka wote kwa pale, mzito na wa kijivu. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba linaungua tena, na hapo ndipo niliposhuhudia ujamaa wa kweli. Kijiji kizima kilikimbilia mitungi. Walilimwagia maji juu, chini na ndani, na vijana wenye bidii wakafungua boneti wakaimwagia injini pia. Shangazi alikuwa akisema, "Udi jamani, ni udi," lakini nani amsikilize. Kilichokuwa kimeungua ni kamba mbili za kiti cha nyuma.

Baba alikaa chini. Kisha akainuka, akazifungua plagi, akazianika kwenye ungo kama dagaa, na sote tukazikodolea macho zikauke. Dada alikuwa ndani amejifunika kanga, analia kimyakimya ili asiharibu wanja. Gari liliwaka adhuhuri ikiwa imekwisha. Ndugu wa Rajabu walikuwa wametangulia kwa basi. Mbele akakaa baba na bwana harusi. Nyuma dada, shangazi na mama, nami juu ya mapaja ya mama. Desturi haimruhusu mama kumpeleka bintiye, lakini mama alisema hamwachii baba na gari lile mwanawe.

Njia nzima vumbi liliingia bila hodi. Tulipofika mashamba ya mkonge, na Korogwe inaonekana kabisa, tukakuta mti umelazwa barabarani na mgambo mmoja kijana kasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, saa nane imepita. Hapa gari haliendi."

"Nampeleka binti yangu kwa mumewe. Ni pale tu."

"Napaona. Lakini amri ni amri, mzee wangu. Nikikupitisha wewe, kesho mimi sina kazi."

Baba akaweka paji la uso kwenye usukani. Sijawahi kumwona hivyo, si kabla si baada. Dada akasema kwa sauti ndogo, "Baba, tutembee tu," na sote tulijua kutembea maana yake nini: vumbi hadi kwenye nyusi, mzigo kichwani, na mjomba mtu kasimama mlangoni na majirani zake.

Ndipo mama aliponitua. Akavutwa na shangazi kutoka kwenye kile kiti, akajifunga kanga kiunoni, akaenda kwa baba akamwambia, "Zima." Baba akazima. Mama akazunguka nyuma, akaweka mikono yake miwili juu ya lile gari alilolichukia, akaanza kusukuma.

"Amri imekataza kuendesha," mgambo akasema taratibu. "Kusukuma haijasema." Akauondoa mti.

Shangazi akasukuma, Rajabu na kanzu yake akasukuma, nami nikasukuma. Wafanyakazi wa mkonge waliokuwa wamepumzika Jumapili yao wakatoka kambini kuuliza kuna nini, wakaambiwa biharusi, wakaingia. Kila nyumba tuliyopita ilitoa mtu. Wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akaleta ngoma, na tulipoingia Korogwe ya Zamani sikuweza kuuona mwisho wa watu. Dada alikuwa amekaa peke yake nyuma, amezama katika kile kitanda, na baba mbele ameshika usukani huku machozi yakichora mistari kwenye vumbi la uso. Mjomba wa Rajabu alitoka nje, akatazama, akavua viatu, naye akasukuma. Majirani zake wote walikuwa huku nyuma na sisi.

Gari halikuwaka tena. Lilibaki uani kwa wakwe, na baba kila akienda Korogwe alilisalimia kwanza, dada baadaye.

Mwaka jana tulimwoza mjukuu wa dada. Magari meupe yalifuatana msururu, vioo vimepandishwa, viyoyozi vinavuma, vijana wamo ndani kila mmoja na simu yake, wanapiga picha za harusi waliyomo. Tulipita mjini hakuna hata mtu aliyegeuza shingo. Dada alikuwa pembeni yangu kwenye kiti laini ajabu. Akaninong'oneza, "Mdogo wangu, siku ile Korogwe nzima ilijua nimeolewa. Huyu wa leo ameolewa, na jirani yake hana habari."

Baba hayupo, mama hayupo, na mimi magoti haya yamechoka. Lakini nawaambia kweli, dereva angegeuka akasema limezimika, ningeshuka nikasukuma.